Kadari yangu ilikuwa na rula mkononi

Mmeuliza: maisha ya mtu huongozwa na majaaliwa au na uamuzi wake mwenyewe? Swali limenigusa pabaya, maana mmetupa vyumba viwili na kukisahau cha tatu, ambacho ndicho kilichojaa watu: uamuzi wa wengine. Mengi tunayoyaita kadari yana mwenyewe. Ana jina, ana mshahara, na siku ile aliamua vile kwa sababu alitaka kumaliza kazi aende zake nyumbani.

Nina mfano mmoja. Ni mrefu, mnivumilie.

Tulikuwa sekondari, umefika wakati wa kugawanywa: sayansi huku, sanaa kule. Tulijaza fomu za kuchagua mchepuo, nami nikaandika sayansi, kwa kuwa biolojia ilikuwa imeniteka tangu siku tulipochorewa moyo ubaoni, vyumba vyake vinne, mishale ya bluu na myekundu. Fomu zile ziliishia wapi, sijui mpaka leo. Alasiri moja mwalimu wa taaluma aliingia na rejista, akaifungua mezani, akalaza rula katikati ya ukurasa. Walio juu ya rula, sanaa. Walio chini, sayansi. Basi, imekwisha. Majina yalipangwa kwa alfabeti, kwa hiyo maisha yetu yakaamuliwa na herufi, tena herufi za majina ya baba zetu.

Jina langu lilikuwa la mwisho juu ya rula. La kwanza chini yake lilikuwa la rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, mtu wa historia kupindukia, wa kukutajia mwaka wa vita hata hujamuuliza. Rula ilipita katikati yetu. Ilikuwa ya mbao, pembe moja imetafunwa na meno ya mtu. Tulitazamana tukacheka, maana tulidhani jambo lenyewe halina uzito. Kipindi kilipokwisha tukamfuata mwalimu, tukamwomba atubadilishe sisi wawili tu, mmoja aende huku na mwingine kule, idadi isiharibike. Hakukasirika hata kidogo. Alisema orodha imeshafika kwa mkuu wa shule, kisha akatufariji: "Kila mtu na lake alilopangiwa."

Alilopangiwa na nani, mwalimu? Swali lilinifika kooni likarudi.

Rafiki yangu leo ni mfamasia. Mimi nafundisha historia. Sina ugomvi na historia, imenilea na imenisomeshea watoto. Ila nikimsikia mtu akisema liandikwalo ndilo liwalo, macho yangu huiona ile rula, na hamu ya kubishana hunipanda.

Nilidhani barua hii itaishia hapo. Lakini katikati ya kuandika nimemkumbuka binti mmoja wa darasa letu, jina lake juu kabisa kwenye rejista, yaani hata rula ingesogezwa vipi angebaki sanaa. Kesho yake alibeba kiti chake akaenda kukaa na watu wa sayansi. Hakumwomba mtu. Majina yakiitwa lake halipo, naye yupo, anaandika. Mwalimu wa fizikia alimvumilia, mwisho akaliongeza jina lake kwa mkono chini ya orodha. Miaka mingi baadaye nilikutana naye nikamkumbusha kisa hicho. Alishangaa. Hakumbuki kabisa kwamba aliwahi kupangiwa sanaa!

Hapo hoja yangu ikaanza kuyumba. Kama mlango ulikuwa wazi kwake, nani alinifungia mimi? Wale wanaoamini kila mtu hujitengenezea njia yake watafurahi: umeona, ni uamuzi tu!

Ngojeni kwanza. Ujasiri ule aliutoa wapi? Mimi sikukaa nikapima kwenda na kutokwenda, kisha nikachagua kubaki. Wazo la kubeba kiti halikunijia kabisa, na mtu hawezi kulikataa jambo ambalo halijamfikia akilini. Chrysippus, mmoja wa Wastoa, kundi la wanafalsafa huko Ugiriki, katika karne ya 3 kabla ya Kristo alitoa mfano wa gogo la duara: ukilisukuma kwenye mteremko, msukumo umetoka nje, lakini linabingirika kwa sababu ya umbo lake lenyewe. Kwake yeye hilo lilitosha kumfanya mtu awajibike kwa atendayo. Kwangu halitoshi. Umbo nalo nani alilichonga? Mimi nililelewa kunyamaza mkubwa akisema. Yeye alikulia kwa watu waliobishana kuhusu kila kitu, mtoto naye akasikilizwa. Hakuna kati yetu aliyechagua pa kuzaliwa.

Kwa hiyo najikuta naelekea kule nilikokuwa nakupiga vita. Lakini si kwenye majaaliwa ya kukaa na kungoja. Wastoa haohao walikuwa na jibu kwa anayesema, kama nimeandikiwa kupona nitapona hata nisipomwita daktari: huenda kupona kumeandikwa pamoja na kumwita huyo daktari. Na khalifa Umar, katika karne ya 7, aliposikia kuna tauni Sham, yaani eneo la Syria na jirani zake, akaamua kugeuza msafara, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu, naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Utotoni nililiona jibu hilo kuwa ujanja wa maneno. Sasa naona ni la mtu mwenye roho za watu mikononi, na msafara unaongoja aseme neno.

Basi nihesabuni upande wa majaaliwa, japo kwa shingo upande na kwa masharti. Anayetazama nyuma, mtu wa umri wangu, aachwe aseme ilipangwa. Inampunguzia uchungu, na pengine ni kweli. Anayetazama mbele, kama wanafunzi wanaoniletea fomu zao kila mwaka, asiambiwe hivyo hata kama ni kweli. Na aliyeshika rula haruhusiwi kabisa kulitamka neno hilo. Mwalimu wangu yule akinijia leo na kadari yake, nitamkaribisha kiti kwa heshima zote, kisha nitamuuliza fomu zetu alizipeleka wapi.