Kompyuta ya marehemu baba

SWALI: Fundi, hujambo? Baba aliniachia Dell yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2. Naandikia barua na hesabu za chama chetu hapa Kondele. Ina Windows 7, na huchukua karibu dakika kumi kuwaka. Niitupe?
– Msomaji, Kisumu

JIBU: Sijambo, dada, na pole kwa kumpoteza mzee. Usiitupe! Windows 7 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, kwa hiyo hata ingekuwa na kasi ningekuomba uihame. Weka antiX, aina ya Linux (mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows) inayoridhika hata na RAM ya MB 512. Lubuntu, Linux nyingine, inapendeza macho zaidi, ila kwa GB 2 ukifungua kurasa chache za intaneti itaanza kuhema. Barua zako za Word zitafunguka kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu.

Kwanza nakili faili zote za baba kwenye flashi. Kisha weka antiX kwenye flashi nyingine, uiwashe kompyuta kutoka hiyo, bila kugusa diski: bonyeza F12 nembo ya Dell inapotokea. Jaribu Wi-Fi hapo hapo, maana ndiyo hunitoa jasho zaidi.

Na feni isafishwe. Juzi hapa Nakuru nilifungua mashine kama yako, nikakuta vumbi limeshikana kama sufi.