Ufunguo wa kwanta, Malindi hadi Lamu
Ndugu, umeuliza kama ofisi ya Malindi na ya Lamu zinaweza kupeana ufunguo wa siri wa kufungia ujumbe kwa fotoni (chembe za mwanga) kupitia faiba. Kebo ikifuata barabara inazidi kilomita 200. Faiba nzuri hupoteza desibeli 0.2 kila kilomita, hivyo kwa kilomita 200 ni desibeli 40: kati ya fotoni 10,000 inafika moja. Amplifaya haisaidii, kwa kuwa hali ya fotoni hainakiliki, ukiikuza unaiharibu. Njia ya kawaida ni kuweka kituo cha kati, tuseme Garsen au Witu, na humo ufunguo hukaa wazi, kwa hiyo wanaokilinda lazima waaminike kweli. Kwenye BB84, utaratibu wa kupeana ufunguo kwa fotoni, makosa kwenye biti mnazolinganisha yakizidi asilimia 11, tupeni ufunguo wote, huenda kuna anayedukua. Kwa bajeti ndogo anzeni na ML-KEM, njia ya kupeana ufunguo kwa hesabu iliyoundwa kustahimili kompyuta za kwanta, kiwango rasmi cha Marekani cha 2024. Ni programu tu, haidai kebo mpya.