Watu wapo, kazi ndiyo huwa haijaandaliwa

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Mkitaka kujenga uwanja wa kuchezea watoto kwa nguvu za wakazi, mtawapangaje wanaojitolea, na wasiojitokeza mtawafanya nini?" Najua wengi watawajibu kwamba watu wa siku hizi hawajitolei tena, kila mtu anatazama lake. Mimi sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo, na naona inawaumiza watu wasio na hatia.

Naishi Same na nimekaa kwenye kamati za ujenzi wa shule na zahanati. Watu hufika. Saa 1 asubuhi utawakuta wamesimama na majembe begani, wengine wametembea kutoka mbali. Tatizo ni wanachokikuta. Lori la mchanga halijafika. Fundi ndiyo kwanza anapima mashimo. Koleo ni tatu na watu ni arobaini. Wanne wanachimba, waliobaki wanatazama, na ikifika saa 4 mmoja mmoja anaaga kwamba ana mgonjwa nyumbani. Safari nyingine ukiwaita hawaji, halafu kamati inaandika kwenye muhtasari kwamba mwitikio wa wananchi ni mdogo. Mtu yule alitoa asubuhi yake nzima. Sisi ndio tulioshindwa kuipokea.

Huku Upareni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ni jambo la tangu mababu. Ndiva zetu, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili yamwagilie mashamba mchana, zilichimbwa kwa mikono ya watu wengi na mpaka leo husafishwa hivyo hivyo. Mtu akifika pale hakuna cha kuuliza. Anajua kipande chake cha mfereji, anaondoa tope, anakata majani, akimaliza anaonekana amemaliza. Na asiyefika hutozwa faini au hukosa zamu yake ya maji. Wanyarwanda nao wana umuganda wao, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, na sheria ya nchi ndiyo inayowatoa watu majumbani.

Uwanja wa watoto hauna nguvu hiyo. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka sita asipande bembea kwa kuwa baba yake hakuja kuchimba. Kwa hiyo adhabu ya ndiva tuiache hukohuko, tuchukue ile nusu nyingine: kila mtu awe na kipande chake, na kipande hicho kiwe tayari kabla hajafika.

Kuna kazi ambazo hazifai kabisa kufanywa siku ya umati. Ya kwanza ni zege. Bembea ya mabomba yenye miguu minne inahitaji mashimo manne, kila moja la kina cha sentimita 60 na upana wa 40. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mifuko mitatu ya kilo 50 inatosha na kubaki kidogo. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja na vijana watano au sita, na ifanyike wiki moja kabla. Zege likimwagwa asubuhi ya siku ya kujitolea, mchana watoto wataning'inia kwenye bembea ambayo miguu yake ingali mibichi, na hakuna mzazi atakayeweza kuwazuia. Limwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na viti vya bembea visifungwe mpaka siku yenyewe. Kuchomelea nako kumalizike kabla. Cheche na umati havikai pamoja.

Umati unafaa mahali penye kubeba, na hapo pa kubeba ni kwenye mchanga. Watu wengi hudhani uwanja wa watoto ni bembea, kumbe kinachomlinda mtoto anapoanguka ni kile kilicho chini yake. Ardhi ya Same wakati wa kiangazi ni ngumu, inavunja mkono. Chini ya bembea panatakiwa mchanga laini wa kina cha sentimita 30, na lazima ufike hadi pale mtoto anapoweza kurushwa: mbele na nyuma, mara mbili ya urefu wa bomba la juu. Bomba likiwa mita 2 kutoka chini, ni mita 4 mbele na 4 nyuma. Weka na upana wa mita 6, unapata eneo la mita 8 kwa 6, ambalo kwa kina kile ni zaidi kidogo ya mita 14 za ujazo.

Sasa chukua toroli. Toroli la kawaida likijazwa vizuri hubeba kama lita 60. Hizo ni safari 240 kwa bembea moja tu. Ukiwa na toroli sita, kila moja litakwenda safari 40. Kama lori limemwaga karibu, dakika tano zinatosha kupakia, kusukuma, kumwaga na kurudi, kwa hiyo kazi inakwisha kwa saa tatu na dakika ishirini. Kila toroli lipewe wasukumaji wawili wa kupokezana, hao ni 12. Wapakiaji sita kwenye lundo. Wanne wenye reki wa kusawazisha. Jumla 22. Hapo unajua uite nani, uazime nini, na lori limwage wapi, maana likimwaga ng'ambo ya barabara hesabu yote inaharibika.

Hesabu hii ndiyo ninayowaomba kamati zote zikae na kuifanya kwa karatasi na kalamu kabla ya kwenda msikitini na kanisani kutangaza. Kuhimiza watu bila hesabu hakusaidii. Kama hesabu inasema watu 45, waite 50, usiite 200. Wale 150 watasimama juani, na mwezi ujao utawahitaji kwa darasa au choo.

Baada ya hapo, tangazo la jumla lifuatwe na ujumbe wa mtu mmoja mmoja. "Mama Neema, wewe uko kundi la mchanga, Jumanne saa 1 kamili, njoo na reki, kiongozi wako ni Mwalimu." Ujumbe kama huo unampa mtu mahali. Anajua kuna kiongozi atakayemtafuta. Tuma siku mbili kabla, na kwa wazee wasiotumia simu balozi wa nyumba kumi apite nyumbani. Kiongozi wa kundi asishike koleo. Kazi yake ni kutazama nani amechoka, nani hana chombo, wapi pamekwama. Na sauti ya ufundi iwe moja tu. Wakiwepo mafundi watatu wenye maoni matatu, kundi zima litasimama likiwasikiliza.

Vyombo viandikwe. Jembe la mtu lipigwe alama ya rangi kwenye mpini, mzee mmoja mwenye daftari akae kivulini apokee na kurudisha. Linaonekana jambo dogo, lakini jembe la mama likipotea kwenye kazi ya kujitolea, umempoteza na yeye.

Kuhusu chakula nina neno, na nalisema kwa uchungu. Kina mama wanapoitwa kujenga hujikuta wote wako jikoni, hakuna aliyewauliza. Kwetu sisi chakula cha siku kama hiyo ni makande, na makande si chai: maharage na mahindi huloweka usiku, sufuria hukaa motoni tangu alfajiri. Anayepika hataugusa uwanja. Michango ikusanywe, mama lishe alipwe afanye kazi yake kwa heshima, na mama anayetaka koleo apewe koleo. Maji ya kunywa yawepo tangu dakika ya kwanza, uji uje saa 3, makande saa 7. Wanaokuja na watoto wachanga wawekewe turubai na mtu wa kuwaangalia.

Siku yenyewe ichaguliwe kwa kuwatazama majirani. Hapa kwetu Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ni ya Wasabato, nao ni wengi Upareni, na Jumapili ni ya Walutheri na Wakatoliki. Ukiing'ang'ania Jumamosi kwa sababu ofisi zimefungwa, umewaondoa majirani wengi kabla hujaanza. Saba Saba na Nane Nane ni sikukuu, ziko kiangazi, mvua za masika zimekwisha na vuli bado. Zisipoangukia siku ya ibada, hizo ndizo siku zetu.

Watoto waulizwe mapema, tena kwa kuchora. Watu wazima tukiachiwa tutajaza uwanja wote mabomba, ilhali wasichana wanataka pawazi pa kucheza rede na kuruka kamba. Acha sehemu tupu, iliyosawazishwa tu. Siku ya kazi wakae mbali wakati wa kuchimba na kubeba, waje alasiri kupaka rangi na kupanda miti. Bati la kuserereka liwe kivulini, kwa jua letu linaunguza mapaja. Ndugu zetu wa pwani waangalie kivuli hicho kisiwe cha mnazi. Tairi chakavu zisizotokeza waya ni nzuri sana, ila zitobolewe upande wa chini ili maji yasituame, kwa sababu mbu wa dengue huzaliana humo. Na kila ngazi au uzio upimwe kwa futi: nafasi kati ya bomba na bomba isiwe kati ya sentimita 9 na 23. Hapo mwili wa mtoto hupenya miguu ikitangulia, kichwa kikabaki kimenasa. Mpe mtu mmoja makini kazi hiyo pekee, azunguke na futi siku nzima.

Mgeni rasmi, kama yupo, aje mwishoni, viti vya bembea vinapofungwa. Akitaka kuja asubuhi akaribishwe kwenye kundi kama wengine. Umati uliosimama kungoja hotuba saa 3 asubuhi, jua likiwa bado linavumilika, ni saa bora za kazi zilizopotea.

Mmeuliza pia kuhusu wasiojitokeza. Msisome majina yao kwenye mkutano. Wengine ni walinzi waliotoka zamu ya usiku, wauguzi, madereva waliokuwa njiani, watu wenye wagonjwa kweli. Uwanja una kazi nyingi baada ya siku ile kuliko watu wanavyofikiri. Mchanga chini ya bembea huchimbwa na miguu ya watoto na lazima urudishwe kwa reki kila wiki. Kulabu na minyororo hulika pale zinaposuguana, boliti hulegea, tairi hupasuka. Kazi hizo hazihitaji umati, zinahitaji mtu mwenye spana, grisi na nusu saa. Ukipanga watu wawili kwa kila mwezi, ni watu 24 kwa mwaka. Anzeni na wale ambao siku ya ujenzi hawakuwepo, mkawaulize wao wenyewe mwezi gani unawafaa.

Msomaji wenu,
Same, Kilimanjaro