Usimtoe bwawani mtoto anayechelewa mita 50

Juzi tulikuwa tumekaa kando ya bwawa, mzazi mmoja akaniuliza kama amtoe mwanawe kwenye kuogelea. Mtoto ana miaka 12, na katika mita 50 akijitahidi sana anakuwa wa pili kutoka mwisho. Nikamuuliza: akimaliza, anahema? Akacheka. Hapana, anatoka majini anaomba soda. Nikamwambia, basi huyo bado hajapewa mbio yake.

Nayajua hayo kwa sababu mtoto wa namna hiyo nilikuwa mimi. Kocha wangu hapa Dar aliniandikisha mita 800 mtindo huru kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka. Bwawa letu lilikuwa la mita 25, kwa hiyo unakwenda na kurudi mpaka umegusa ukuta mara 32. Niliondoka kama naenda kuzima moto. Kufika ukuta wa sita naongoza, nasikia shangwe. Wa kumi na mbili mikono imekuwa mbao. Nilipomaliza, wenzangu walishavaa na wanakunja taulo.

Kocha hakunigombeza. Alinionyesha karatasi aliyoandika muda wangu kila baada ya mita 100: ya kwanza dakika 1 na sekunde 18, ya tano dakika 1 na sekunde 52. "Dogo," akasema, "hapa wameogelea watu wawili."

Wiki tatu zilizofuata tulifanya zoezi moja tu. Mita 100 mara nane, kila moja kwa dakika 1 na sekunde 35, kupumzika sekunde 15. Ukiwahi umekosea, ukichelewa umekosea. Linachosha kichwa kuliko mabega, na kuna siku nililia ndani ya miwani. Shindano lililofuata nilipunguza zaidi ya dakika nzima, na nguvu zangu ni zilezile. Kama una mtoto au wewe mwenyewe unaanza mbio ndefu, anzia hapo, kabla hujanunua kifaa chochote.

Ninayemtazama tangu siku hizo ni Oussama Mellouli wa Tunisia. Tarehe 17 Agosti 2008, Beijing, alishinda mita 1500 kwa dakika 14 na sekunde 40.84. Nyuma yake alikuwa Grant Hackett wa Australia, bingwa wa Olimpiki wa 2000 na 2004, aliyeachwa kwa sekunde 0.69. Robo saa majini, tofauti ni kufumba na kufumbua. Tunisia ilikuwa haijapata dhahabu ya Olimpiki tangu 1968, Mohammed Gammoudi alipompiku Kipchoge Keino wetu katika mita 5000 kule Mexico.

Lakini ninachowasimulia vijana zaidi si ushindi huo. Mwaka 2006 Mellouli alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, ana kazi ya darasani ya kumaliza, usingizi umemzidi. Akameza kidonge kimoja alichopewa na rafiki ili akeshe. Kilikuwa na amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili iliyokatazwa mashindanoni. Mwishoni mwa Novemba akapimwa kwenye mashindano, ikaonekana. Machi 2007 alikuwa ameshashinda dhahabu ya dunia ya mita 800 huko Melbourne; ikafutwa, na adhabu ikawa miezi 18. Alirudi mashindanoni miezi isiyofika mitatu kabla ya Beijing. Watu husema aliponea chupuchupu. Mimi naona alilipa bei kubwa kwa usiku mmoja wa haraka.

Mimi nusura niingie shimo la jirani. Mafua yalinikamata siku moja kabla ya mashindano, mwenzangu wa chumbani akanipa dawa yake. Kocha aliidaka mkononi, akaisoma: pseudoefedrini. Dawa ya kawaida dukani, ila siku ya mashindano ikizidi kiwango kwenye mkojo unahesabiwa umetumia dawa iliyokatazwa. Kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba unashindana, hifadhi boksi la dawa, na kidonge cha rafiki kirudishe hata kama ni rafiki wa kweli.

Bahari ni somo jingine. London 2012 Mellouli alichukua shaba ya mita 1500, na siku chache baadaye dhahabu ya kilomita 10 katika ziwa la Serpentine, Hyde Park, akiwa na miaka 28. Huko hakuna mstari mweusi chini wala ukuta wa kujisukumia. Nilipojaribu kwetu mara ya kwanza nilitoka wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu, nayo yanakupwa, nikapiga mikono dakika ishirini nikiutazama mnazi uleule. Siku hizi nasubiri maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, nainua macho kila baada ya mikono minane hivi, na lazima kuwe na mtumbwi na mtu ndani yake anayeniona. Peke yangu siingii, hata bahari iwe shwari vipi.

Yule mtoto wa soda Jumamosi anajaribu mita 400. Baba yake nimempa karatasi na kalamu, aandike kila mita 100, na nimemwomba asimpigie kelele mpaka ya tatu ipite.