Shangazi wa Vitabu: Mapenzi ya Krismasi za kale

Shikamoo Shangazi. Shule zikifungwa na mvua za Desemba zikianza, huwa nasoma hadithi fupi za mapenzi za Kiingereza, zile za Krismasi za zamani, enzi za mishumaa na magari ya farasi. Nazipenda sana. Juzi mume wangu alisoma moja akiwa nyuma ya bega langu, akacheka: watu wamekutana Jumatatu, Ijumaa wanaoana! Sikuwa na jibu. Kweli mtu mzima anaweza kuamini mapenzi ya siku nne?
Mwalimu, Njombe

Marahaba mwanangu. Mume wako ameuliza swali zuri, na jibu lake limo ndani ya ile nyumba kubwa yenye theluji mlangoni.

Nyingi ya hadithi hizi zimewekwa Uingereza kati ya 1811 na 1820, miaka ambayo Mfalme George wa Tatu alikuwa mgonjwa na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Binti wa familia yenye uwezo hakuachwa peke yake na kijana. Walionana kwenye dansi, mama au shangazi ameketi pembeni anatazama, na kucheza na mtu yuleyule zaidi ya mara mbili usiku mmoja kulitosha kuwatia midomoni mwa watu. Piga hesabu: msimu mzima wa dansi, maneno yao yote yangejaza saa ngapi? Sasa waalike wote wawili shamba, nyumba moja, kuanzia mkesha wa Krismasi hadi tarehe 6 Januari, kisha theluji ifunge barabara. Binti anamwona asubuhi akinywa chai, nywele hazijakaa sawa. Anamsikia anavyosema na mtumishi aliyemwaga maziwa. Siku nne za namna hiyo zinamfunulia mtu kuliko mwaka wa dansi.

Hata hivyo, nami huwa nachagua. Napenda zaidi zile ambazo wawili hao walijuana zamani, wakatengana, Krismasi ikawarudisha. Hapo mwandishi hahangaiki kuwapendanisha kwa kurasa thelathini. Ana jiwe moja tu la kuondoa katikati yao. Mara nyingi jiwe hilo ni barua. Kabla ya 1840, kwa kawaida barua ililipiwa na aliyeipokea, kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi: karatasi mbili, gharama mara mbili. Basi aliyemhurumia mwenzake aliandika karatasi moja, na ikijaa akaigeuza upande, akaandika tena juu ya mistari ileile, maneno yakapishana kama ukindu wa mkeka. Ukikutana na binti maskini anayeishi kwa ndugu, barua imefika na mwenye nyumba anakataa kuilipia, simama hapo kidogo. Tarishi anaondoka nayo. Miaka mitano ya ukimya imeanzia pale mlangoni, kwa ajili ya penni chache.

Ila kuhusu hiyo ndoa ya Ijumaa, niko upande wa mume wako. Kwa sheria ya 1753, waliotaka kuoana Uingereza walitangazwa kanisani Jumapili tatu, kama sisi tunavyotangazwa, au walipata kibali cha kanisa. Na aliye chini ya miaka 21 hakupewa kibali bila ridhaa ya baba. Mwandishi asiyemtia bwana harusi kibali hicho mfukoni amefanya uvivu.

Haya alinifundisha mama yangu, ambaye hakuwahi kusoma hata kimoja cha vitabu hivi. Krismasi moja nilikuwa namuuguza nyumbani Machame. Usingizi ulimkataa, nikawa namsomea kwenye simu, natafsiri papo hapo. Tukafika mahali kijana anapiga magoti kwenye theluji. Mama akainua mkono: "Na baba yake anasemaje?" Nikamwambia bado hajaulizwa. "Basi huyo kijana ainuke, asije akapata kichomi bure." Usiku uliofuata akataka kujua mali ya binti itakuwa ya nani. Nikamjibu kwamba, isipokuwa baba awe ameweka mkataba wa kuilinda, mume ndiye atakayekuwa na kauli juu yake. Sheria iliyompa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki chake mwenyewe ilipita 1882. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amelala. Kumbe anafikiri. Akaniambia nirudi nyuma nisome tena pale walipozungumza bustanini, anataka kusikia vizuri huyo mwanamume ni mtu wa namna gani.

Tangu usiku ule nasoma hivyo. Binti anaposema ndiyo, anakabidhi kila alicho nacho, na ana siku chache tu za kumpima mtu. Msomee mume wako moja kwa sauti, mwanangu, na mkifika kwenye posa muulize swali la mama yangu.

Shangazi, hujambo? Katika hadithi hizi kuna tawi linaloning'inizwa mlangoni, watu wanabusiana chini yake, halafu wanahesabu matunda. Wanahesabu ya nini?
Muuguzi, Nakuru

Sijambo. Hilo ni kirukia, ndugu wa vile vinavyoota juu ya miti yetu bila kugusa ardhi. Cha Uingereza hupenda sana mitufaha, hubaki kijani wakati miti mingine imepukutika majani, na matunda yake ni meupe, madogo kama shanga. Kwa desturi ya zamani, mwanamume aliyemkuta mwanamke chini yake aliomba busu, na kila busu lilichumiwa tunda moja. Matunda yakiisha, mabusu yameisha. Sasa unaona kwa nini mwandishi hahitaji saa ukutani. Anatuonyesha tawi lenye matunda tisa, kesho manne, na mkesha wa mwisho moja. Najua kwamba mchezo huu umetumika mara nyingi, lakini haujanichosha, hasa mwanamume anapolichuma lile la mwisho akalitia mfukoni bila kubusu mtu, kwa kuwa aliyemtaka hayupo chumbani.

Nimesoma hadithi ya mwaka 1812, familia ya mkulima wa Kiingereza imepamba mti wa Krismasi na inapokea kadi. Ni kweli?
Msomaji, Dodoma

Sivyo kabisa. Malkia Charlotte, mke wa yule George wa Tatu na mzaliwa wa Ujerumani, aliwawekea watoto mti pale Windsor mwaka 1800, kwa hiyo nyumba ya wakubwa yenye damu ya Kijerumani naikubali. Kwa watu wa kawaida mti ulienea baadaye sana, hasa baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao kando ya mti wao mwaka 1848. Kadi ya kwanza ya kuuzwa aliitoa Henry Cole mwaka 1843. Mti naweza kuusamehe, kadi hapana. Na hadithi ikiwa Scotland, angalia zaidi: kanisa la huko lilikuwa limeiweka kando sikukuu hii, sherehe yao kubwa ilikuwa mwaka mpya, na Krismasi ilikuja kuwa siku ya mapumziko ya umma mwaka 1958.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, nataka kuandika hadithi ya aina hii kwa Kiswahili, ya huku kwetu. Je, tunayo Krismasi ya kale ya kuandikia?
Kijana, Tanga

Marahaba. Tunayo, na iko ng'ambo ya maji hapo ulipo. Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni, na Krismasi ya 1877 ikafanyika ibada ya kwanza humo. Wamisheni wa Kiingereza waliolijenga walikuwa na wavulana waliokombolewa utumwani wakisoma Kiungani, na wasichana Mbweni, kusini mwa mji. Mweke kijana mmoja wa Kiungani na binti mmoja wa Mbweni katika ibada ile ya 1877. Theluji huihitaji; una joto la Desemba, kaskazi imeanza kuvuma, na kuta za mawe ya matumbawe ambazo hazijamalizika.

Kisha msikilize mama yangu. Na baba yake anasemaje? Binti aliyechukuliwa bara akiwa mdogo, akavushwa bahari, hajui kama baba yake yu hai, wala kijiji chao kiko upande gani. Kijana anataka kuposa kwa heshima zote. Ampelekee nani posa? Anza hapo. Ukifikisha kurasa kumi, niletee nizisome.