Miwani imepotea shughulini, mama anataka tusome albadiri

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nakaa Chuno hapa Mtwara mjini. Jumamosi tulikua Mikindani kwenye shughuli ya kumtoa mwali, nikavaa miwani yangu ya jua aliyoniletea mume wangu kutoka Dar, ya elfu sitini, sio zile za kubahatisha barabarani. Nafika nyumbani usiku nafungua pochi, hamna. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndo tulikaa nae muda mwingi na aliisifia sana. Sasa mama anasema tutafute mashekhe wasome albadiri aliyechukua aumbuke, na shoga angu ananiambia kuna mtaalamu wa ramli. Wifi nae kashaanza kuninunia, nadhani maneno yamemfikia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, kitu cha zawadi kinauma kuliko bei yake.

Albadiri iacheni kwanza, nakuomba sana. Huku kwetu Kusini watu wanaiogopa tangu utotoni, na ukishaitangaza mtaani kwa ajili ya miwani basi yoyote atakayepata homa au kuteguka mguu mwaka huu ataambiwa ndo yeye, hata kama siku hiyo hakukanyaga Mikindani. Na kama wifi yako ana mtoto na mtoto akaugua je? Ramli ndo kabisa. Mtaalamu atakuuliza ulikaa na nani, wewe utamtaja wifi, halafu atakurudishia jina lile lile ulilompa mwenyewe na hela utakua umeshatoa. Ramli chonganishi imeshatoa roho za watu nchi hii, sio mchezo, na ni kosa kisheria.

Sasa tuitafute miwani. Miwani ya jua haipotei juani, inapotea pale jua linapokuachia, yani umeingia kivulini au jua limezama, mkono unaivua wenyewe wakati akili iko kwenye ngoma na mwali anatunzwa. Ndo maana ukijiuliza niliweka wapi hupati jibu, kichwa hakikurekodi kitu, wala sio uzee wala sio kurogwa. Jiulize kitu kingine: mikono yangu ilikua inafanya nini jua lilipoanza kuzama? Ulikua unatunza? Ulishika sahani ya pilau? Ulibeba mtoto wa mtu? Uliingia ndani kuswali magharibi? Kama uliingia kutawadha basi lazima uliivua, na karibu na ndoo ya maji ndo pa kuanzia.

Halafu una ushahidi mkononi na hujautumia. Shughuli zetu hazikosi picha, kila mwenye simu kapiga, na picha ya simu inatunza saa iliyopigwa. Waombe wenzio wakutumie zile picha walizopiga wenyewe, tena wazitume kama faili ili saa isipotee, uzipange, utafute ya mwisho ambayo miwani iko usoni na ya kwanza ambayo haipo. Hapo katikati ndo imepotea. Angalia vizuri na kichwani, maana wengi mnaipandisha juu ya nywele halafu mnajitanda mtandio juu yake, ukija kuvua mtandio umeivua na miwani, ikaviringishwa humo humo ikaenda kwenye begi la mtu bila yeye kujua. Kwaiyo pekua mtandio wako, pekua na sare za wenzio mliokua mnabadilishia chumba kimoja.

Baada ya hapo wapigie waliokodisha turubai na viti, na watu wa mapambo. Wale wanakunja vitambaa usiku wamechoka, wanarusha kwenye gari, vitu vya watu vinaondoka ndani ya vitambaa wanavikuta siku wanafua. Usisubiri wafue. Na dereva wa bajaji iliyowarudisha Chuno muulizeni, sehemu ya nyuma ya siti vitu vinatumbukia sana.

Ukiandika kwenye grupu la wasap la shughuli usiandike "aliyechukua miwani yangu airudishe", hapo umeshamwita mtu mwizi na hata aliyeiokota kwa wema atanyamaza. Andika "nimesahau miwani ya jua, aliyeiona anishtue". Na usitaje alama zake zote, bakiza moja, mkwaruzo au skrubu iliyobadilishwa, utamuuliza atakayesema anayo.

Kwa wifi yako nenda mwenyewe, leo, hata miwani haijapatikana. Mwambie dada, miwani imenipotea na nimesikia kuna maneno yanazunguka, mi sijakutuhumu, naomba unisaidie kukumbuka mara ya mwisho uliiona usoni kwangu saa ngapi. Tena yeye aliiangalia kwa kuipenda, anaweza akawa ndo anakumbuka kuliko wote.

SWALI: Mambo vipi, mi ni bodaboda Lindi mjini. Abiria kasahau simu, ina loki, na washkaji wanasema kiokotwa ni riziki. Nikiipeleka polisi si nitaonekana mi ndo nimeiba?

JIBU: Kaka yangu, usiizime, ndo jambo la kwanza. Ichaji, iache na laini yake, mwenyewe atapiga na hata ikiwa na loki utapokea. Ikikaa kimya, nenda nayo kwa mwenyekiti wa kijiwe chenu mbele ya wenzio wawili watatu, kisha kituoni pamoja, ueleze umempakia wapi na umemshusha wapi. Anayepeleka mapema na mashahidi ni tofauti na anayekutwa nayo. Washkaji wako wamekosea kwa sheria na kwa dini. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu kinamwachia muokotaji pale tu ambapo hamjui mwenyewe na ana sababu ya msingi kuamini hapatikani, na simu yenye laini iliyosajiliwa mwenyewe anapatikana. Kwenye fiqhi nako kuna mlango mzima wa kiokotwa, unatakiwa ushike alama zake na uitangaze mwaka mzima. Ukiitoa laini ukaiuza, hapo umehama kwenye kuokota.

Na nyie wenye simu, bonyezeni *#06# leo mwandike ile namba ya utambulisho wa simu (IMEI), yenye tarakimu 15, kwenye daftari nyumbani, maana simu ikishaondoka ndo watu wanaanza kutafuta boksi.

SWALI: Nimepoteza pochi stendi ya Masasi, hela sio nyingi ila kuna kitambulisho cha NIDA. Naanzia wapi?

JIBU: Polisi, ukachukue losi ripoti, siku hizi unaweza kuiombea hata mtandaoni, bila hiyo kila ofisi itakurudisha. Namba yako ya NIDA haijapotea, ni ile ile ya tarakimu 20, na kwenye shughuli nyingi inatosha wakati unasubiri kadi nyingine. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ikafungwe. Na wale wakatisha tiketi na mama lishe wa stendi waachie namba yako ya simu, mwizi wa pochi huwa anatoa hela na kutupa vilivyobaki hapo hapo jirani.