Andika swali kwanza, mbinu itafuata

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti, walimu wenzangu wanaosoma shahada ya uzamili hapa Mbeya na Iringa huniuliza: niende na utafiti wa kimaelezo (kuwahoji watu na kuwasikiliza) au wa kitakwimu (kuhesabu na kupima)? Ukiwadadisi kidogo, wengi wanaotaka kimaelezo wanakimbia hesabu. Mwalimu, sababu hiyo haitoshi, na itakugharimu. Mahojiano ya saa moja uliyoyarekodi kwenye simu yanaweza kukuchukua saa nne au zaidi kuyaandika neno kwa neno, na hapo uchambuzi haujaanza.

Niandikie swali lako. Ukiuliza ni wangapi, au kama umbali wa shule unahusiana na utoro, hapo takwimu hazikwepeki. Ukiuliza kwa nini, itabidi ukae na watu uwasikilize.

Nilipofuatilia utoro katika sekondari moja ya kata wilayani Rungwe, nilianzia kwenye daftari la mahudhurio. Alama za kutokuwepo zilijazana siku za gulio, hasa kwa wasichana wa kidato cha pili. Daftari lilinipa siku, darasa na jinsi. Sababu halikuwa nayo. Nilipokaa na wasichana wenyewe, mmoja akasema, "Mama anapeleka ndizi gulioni, mtoto abaki na nani?" Hojaji nyingi ninazoletewa nizipitie huorodhesha ada, umbali na ugonjwa. Kulea mdogo wako hakumo.

Kwa wanaochagua takwimu, fomula ya Yamane, ya kukokotoa uchague watu wangapi kwa sampuli, inatumiwa ovyo mno. Shule ya wanafunzi 1,000, kwa kiwango cha kosa cha 0.05, inakupa sampuli ya 286. Sawa, lakini fomula hiyo inachukulia kwamba umechagua kwa bahati nasibu. Ukigawa hojaji kwa 286 wa madarasa yaliyo karibu na ofisi, hesabu yote imekufa. Na mwalimu wa nidhamu asisimame mlangoni watoto wakijaza: kila swali litarudi na "nakubaliana sana".

Mseto, yaani kuchanganya mbinu zote mbili, ni mzuri, ila unakula muda na nauli, na masika barabara za vijijini huku milimani hazina huruma. Kama una miezi mitatu tu, chukua daftari la muhula mzima, tafuta siku zenye utoro mkubwa, kisha zungumza na wanafunzi wachache waliokosa siku hizo na wazazi wao. Usiongeze shule ya pili.